Mchikichi Usiosalimiwa

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Leo nimezaliwa upya. Umri miaka arobaini na mitatu, kazi sina, lakini mawazo madogo nimeachana nayo rasmi.

Tangu kituo cha utafiti kinipunguze kazini mwezi wa tatu, watu wa hapa Buzuruga wamenishauri kila upuuzi. Uza mitumba. Fungua kioski. Mimi, Kashindye, niliyekaa maabara miaka kumi na mmoja! Ni kweli nilikuwa naosha vyupa. Lakini anayeosha chupa ndiye anayejua kilichokuwamo.

Mpango wenyewe: michikichi! Mafuta ya kula hayashikiki sokoni, na mchikichi ndio unaotoa mawese. Kigoma wanayo, Mwanza hatuna. Tatizo ni kwamba mbegu ya mchikichi ukiifukia ardhini inalala miezi na miezi kabla ya kuamka. Mimi sitasubiri mbegu ilale. Nitapasua kokwa, nitoe kiinitete, yaani kile kijimche kichanga kilichomo ndani, cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Nitakiweka chupani juu ya uji mtamu ulioganda, pasipo na kidudu hata kimoja, nacho kitaamka chenyewe. Wataalamu nimewaona wakifanya hivyo mara mia. Nilikuwa nasimama nyuma yao na karai.

Shamba lipo. Baba mkwe wangu, Mzee Shimba wa Magu, ana bonde jeusi kando ya mto, ukidondosha kijiti kinaota. Ubaya ni kwamba jirani yangu Okomo naye analitaka, alime nyanya. Mzee ametoa masharti: kabla Septemba haijaisha nimwonyeshe mche wa mchikichi wenye jani, nilioutoa chupani kwa mikono yangu. Nikishindwa, Okomo anakodishiwa bonde miaka mitano.

Aliyenipigania kwa Mzee ni mke wangu Teodora. Tangu nipunguzwe anakaanga samaki stendi, na mikono yake imejaa alama za mafuta hadi kwenye viwiko. Amesema bonde lile ndilo litakalomtoa kwenye lile karai. Amesema ameweka uso wake rehani kwa baba yake, na nikimwaibisha nisimtafute. Aliyasema kwa upole. Ndiyo maana niliogopa.

Alhamisi, 5 Agosti

Maabara tayari! Ni bafu letu la uani. Kuta nne, mlango, dirisha dogo la kioo. Nimezipaka kuta jiki mpaka macho yakawaka. Familia itaoga nyuma ya magunia kwa muda. Teodora ameuliza muda gani. Nimemwambia sayansi haiulizwi muda.

Vyupa arobaini vya jemu nimevipata kwa mpwa wangu Precious, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli mjini. Tangu serikali ifungue biashara, wageni wanakula jemu kana kwamba dunia inakwisha. Unga wa kugandishia uji nilipewa kituoni siku ya kuniaga. Ukweli ni kwamba nilijipa. Kokwa za mchikichi hamsini na mbili zimeletwa kutoka Kigoma. Mengine ni maji ya nazi, vidonge vya vitamini kutoka duka la dawa, na sukari. Sukari ilikuwa ya nyumbani. Jioni tumekunywa chai kavu, na hakuna aliyenitazama.

Sufuria ya presha ya kuchemshia vyupa nimeazima kwa mwalimu Suzana. Nimemwambia ni ya maharage. Na koti jeupe nimelipata kwenye mitumba, lina maandishi mekundu kifuani, lugha siijui. Okomo amechungulia juu ya ua akasema, Ngosha, maana ndivyo wanavyotuita sisi Wasukuma, hilo ni koti la muuza nyama. Ana wivu. Kwao Mara huko sijui kama wamewahi kuona koti.

Jumapili, 8 Agosti

Siku ya kihistoria! Vyupa ishirini vya kwanza vimejaa.

Kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa nyuma na karai. Kokwa tisa nimezisaga kwa nyundo pamoja na viinitete vyake. Kidole changu kimoja pia. Lakini ishirini vimeingia vizima, kwa koleo iliyopitishwa kwenye moto wa spiriti, mdomo nimeufunga kwa kitambaa. Maana adui ni pumzi. Mtaalamu mmoja alikuwa akisema kituoni: ukifungua kinywa juu ya chupa, umeingiza kijiji kizima.

Kwa hiyo nimebandika tangazo mlangoni: HUMU HAKUNA SALAMU.

Baada ya misa nimewakaribisha wanajumuiya waje waone. Isingekuwa haki kuificha nuru. Walikuja ishirini na wanne. Waliingia wote. Mwenyekiti alisema Tumsifu Yesu Kristo, wakaitikia milele amina kwa sauti moja, bafuni. Nilitoa vifuniko kidogo ili waone vizuri. Mama Evelina alilia, akasema anaona mkono wa Mungu kwenye chupa ya tatu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jumatano, 11 Agosti

Ukungu. Vyupa vyote ishirini. Mweusi, wa kijani, wa rangi ya waridi, na kwenye chupa ya tatu manyoya meupe marefu.

Nimechunguza chanzo kwa makini. Ni Okomo. Lazima ni Okomo. Siku ile alikohoa ng'ambo ya ua.

Nimemwendea nikamweleza hivyo. Alikuwa anamwagilia nyanya zake. Akanijibu kwamba nyanya zake zinasalimiwa na kila anayepita, zinakoholewa, mbuzi wanazinusa, na zinazaa. Akanipa tatu nikale. Nimezikataa kwa heshima. Baadaye nimetuma mtoto akazichukue.

Teodora ameuliza ni nani aliyefungua vifuniko. Nimemwambia hilo ni swali la kitaalamu.

Jumamosi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi. Niandike kwa utaratibu.

Kokwa zilizobaki zilikuwa ishirini na tatu. Nilianza alfajiri, nimeoga kwa jiki, mlango nimeurudisha. Tatu nyundo ilizila. Kufika saa tatu nilikuwa nimejaza chupa kumi na tisa, safi, zimefungwa, zimepangwa kwenye ubao. Nimebakiwa na kokwa moja. Nikaipasua, kiinitete kikatoka kizima, kizuri kuliko vyote. Nikakiinua kwa ncha ya koleo. Nikazuia pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Shimba!

Amesimama na fimbo yake na kofia, ametoka Magu asubuhi, hakutuma habari. Nyuma yake dada yake, shangazi Paskazia, ambaye ndiye aliyemlea Teodora. Mzee akasema mwangaluka.

Kila mtu anajua salamu zetu Wasukuma hazina haraka. Mkwe hajibu tu. Anaweka chini alichoshika, anavua kilicho kichwani, anainama, anaulizwa alivyolala, naye anauliza, ng'ombe wanaulizwa, mvua inaulizwa. Na mimi kiinitete changu cha mwisho kiko hewani, na chupa iko wazi chini ya pua yangu.

Nilinyamaza. Mungu wangu, nilinyamaza! Nilimsalimia kwa macho. Mzee akarudia mwangaluka, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili. Nikatumbukiza kiinitete, nikashika kifuniko, nikazungusha. Akasema basi, hujambo? Nikazungusha tena, kikabana.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu.

Nikatoka mbio hivyo hivyo, koti la muuza nyama, kitambaa mdomoni, chupa ya arobaini mkononi. Nilimfikia barabarani karibu na stendi. Nikajitupa magotini mbele ya wauza ndizi, nikasema shikamoo, shikamoo, shikamoo baba, lakini kitambaa kilikuwa bado mdomoni na nadhani alisikia mlio tu. Alinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe mwenye kichaa. Akapanda gari.

Nimerudi nyumbani mtu aliyekwisha. Namkuta shangazi Paskazia yumo maabara, uso umejaa huruma. Ameniambia nisihuzunike, mkwe wetu, yeye amenisaidia. Amekuta watoto wamefungiwa kwenye vyupa bila hewa. Amevifunua vyote kumi na tisa, akachukua maji funda kinywani, akavipulizia kimoja kimoja, kama wanavyobarikiwa watoto kwao. Na sala akaongeza.

Nimemshukuru. Ningefanya nini? Ni shangazi.

Jumanne, 17 Agosti

Vyupa kumi na tisa vimebarikiwa mpaka vimeota ndevu. Sijawahi kuona ukungu wenye afya kama ule.

Ya arobaini ni safi. Maji hayakuifikia kwa kuwa ilikuwa mkononi mwangu barabarani. Kiinitete kimevimba kidogo. Kiko hai!

Habari kutoka Magu si nzuri. Mzee amesema mtu aliyemnyima baba mkwe salamu ndani ya bafu hawezi kupewa hata mfereji. Ameitisha kikao cha ukoo tarehe ishirini na tano Septemba. Nitaleta mbuzi wa faini, na siku hiyo hiyo Okomo atakabidhiwa bonde. Okomo amealikwa! Nilimsikia akipiga mluzi jioni yote.

Teodora hakugomba. Alikaa kizingitini akajipaka mafuta ya nazi kwenye mkono uliounguzwa leo, kisha akaniambia kwamba kwao mtoto hafundishwi kusema, anafundishwa kusalimia. Usiku hakula. Nimejisikia vibaya kwelikweli. Nimeandika hapa ili nisisahau: mke wangu hakula kwa sababu yangu.

Jumapili, 29 Agosti

KIJANI! Ncha ya kijani! Ndogo kama kucha ya mtoto, lakini kijani!

Nimetoka nje nikaruka. Nimeamua kuwaita wanajumuiya, wapagazi wa stendi na kijana mmoja wa mtaani mwenye kamera. Nilikuwa nimeshafika getini, nikasikia kitu kikilia kacha! nyuma yangu. Teodora amefunga maabara kwa kufuli kubwa la kasha lake la samaki. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.

Nimemweleza kwamba mimi ndiye mkurugenzi wa maabara. Amekubali kabisa. Amesema mkurugenzi ataona kupitia dirishani.

Jumatano, 8 Septemba

Nimebuni mkakati mpya wa kisayansi: chupa ya arobaini ikae peke yake, isifunguliwe, isitembelewe na mtu yeyote. Mkakati unafanya kazi vizuri sana. Mzizi umeonekana, mweupe, unajikunja kwenye uji.

Nimemwomba Teodora ufunguo mara nne. Mara ya tano nimejaribu pindo la kanga akiwa amelala kidogo mchana. Alinishika mkono bila kufumbua macho.

Okomo amenunua mashine ya kusukuma maji, ya bonde langu. Ameiweka uani mahali ambapo lazima niione.

Ijumaa, 24 Septemba

Jani! Jani moja, refu kama kidole cha shahada, limesimama. Teodora alinifungulia mlango nilitazame, yeye akiwa ameshika mkono wangu wa kulia na ameniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja chake kilinuka samaki. Tulikaa hivyo muda mrefu, tukalitazama.

Kesho Magu. Nimeandaa hotuba ya kurasa sita.

Jumamosi, 25 Septemba

USHINDI! Nitaandika yote.

Tulikaa uani kwa Mzee, wazee kumi na wawili kwenye vigoda, mbuzi wangu kafungwa kwenye nguzo, Okomo na tenga la nyanya nyekundu miguuni. Chupa ilikuwa imeviringishwa kwenye kanga ya Teodora. Hakunikabidhi. Alisema ataishika mwenyewe mpaka itakapohitajika.

Kwanza nililipa salamu. Wazee walisema nina deni la tangu Agosti. Nilipiga magoti juani nikamsalimia Mzee kwa ukamilifu: alivyolala leo, alivyolala siku ile, ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake, mvua ya mwaka huu, mvua ya mwaka jana, goti lake la kushoto. Nusu saa nzima. Mzee Masele, mkubwa wa ukoo, alihesabu ng'ombe kwa vidole, akasema nimemruka ndama. Nikamrudia ndama.

Kisha nikaulizwa kwa nini siku ile nilinyamaza. Nikatoa kurasa sita. Mzee Masele akaniambia niziweke mfukoni nijibu.

Basi nikajibu tu. Nikasema: baba, nilikuwa na vyupa arobaini. Ishirini vilisalimiwa na jumuiya, vikafa. Kumi na tisa vilibarikiwa, vikafa. Mimi pumzi yangu si safi kuliko ya mtu yeyote, na siku ile nilikuwa na kichanga kimoja kimebaki, sina kingine duniani. Ningekuitikia, kingekufa na hicho. Nilichagua kukukosea wewe, kwa sababu wewe unaweza kukasirika halafu ukasamehe, na chenyewe hakiwezi.

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Hayakuwamo kwenye kurasa.

Teodora akafungua kanga. Jani likasimama kwenye jua, kijani kabisa. Wazee wote wakainama mbele kwa pamoja. Shangazi Paskazia alisimama akasema kwa ukali kwamba maji ya kinywa chake yamebariki watoto saba na wote wameoa.

Mzee Shimba alinyoosha mkono, akaipokea chupa kwa mikono miwili. Alifungua kinywa kuisemesha. Akajizuia! Akafunga kinywa, akaziba kwa kiganja, akalitazama jani na mashavu yamemvimba kwa pumzi. Mzee wa miaka sabini na nne. Alipoirudisha kwa Teodora ndipo akapumua, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema ukoo huu umepata mkwe mmoja asiyesalimia, na mche mmoja unaoishi, na kwamba ameelewa kuwa ni jambo lile lile.

Bonde ni letu! Sharti moja: ifikapo masika niwe na miche sitini ya kupanda. Okomo alinipa mkono, mtu muungwana nimkubali, akagawa nyanya zake kwa wazee wote. Zilikuwa tamu. Amekodi kipande cha jirani, ng'ambo ya mto, kwa hiyo bado nitaiona ile mashine yake.

Teodora alilia. Nilifikiri ni moshi wa mbuzi. Hapana, alikuwa analia. Aliniambia tangu nipunguzwe hajawahi kuniona nikisema kitu bila kujisifu, na kwamba niliwapendeza wazee kwa sababu hiyo. Nimemwambia ndiyo, nilikuwa mzuri ajabu.

Jumapili, 3 Oktoba

Kokwa mpya zimefika kutoka Kigoma, mia moja. Nimefanya kazi siku tatu na kitambaa mdomoni, nyundo sasa inanitii. Precious ameniongezea vyupa, sitini vimejaa, na leo vyote ni safi. Hakuna hata doa! Ya arobaini iko juu yavyo, malkia, jani la pili linakuja.

Teodora amekwenda Magu leo asubuhi kusafisha bonde. Karai la samaki amempa dada wa jirani, amesema halihitaji tena. Kabla hajaondoka alifungua pindo la kanga, akaniwekea ufunguo kiganjani, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili. Amesema sasa ananiamini. Nilitokwa na machozi, sioni haya kuandika.

Mwanamke kama huyo lazima umfanyie jambo. Nimefikiri tangu saa nne. Jumamosi ijayo atakaporudi atakuta uzinduzi rasmi wa maabara! Nimealika watu themanini tu, ndugu wa karibu. Kwaya ya parokia itaimba mle ndani, maana sauti inavuma vizuri bafuni. Okomo atakuja, nataka akae mbele kabisa. Lile tangazo la mlangoni nimeling'oa, lisije likamuudhi mtu. Kuhusu vidudu sina wasiwasi, vidudu ni vya watu wasio na bonde.

Kufungua vifuniko vyote kutachukua muda, kwa hiyo tutaanza saa mbili kamili. Mgeni rasmi ni shangazi Paskazia. Alikuwa na kinyongo tangu kikaoni, sasa kimekwisha. Ameomba awekewe ndoo mbili za maji.